Mackinnon: Tajiri wa meli aliyekosa fedha za reli ya Uganda

DEREVA wa lori anayetoka Mombasa kwenda Malaba au Busia hupita Mackinnon Road kabla hajafika Voi. Wengi husimama hapo kwenye msikiti ulio kando ya reli, wenye kaburi la Seyyid Baghali, wakaswali au wakatoa sadaka, wakanywa chai, wakaangalia magurudumu, kisha wakaendelea na safari. Ni wachache wanaojiuliza huyo Mackinnon alikuwa nani na barabara yake ilikuwa inakwenda wapi. Jina hilo hilo liliwahi kupewa soko kuu la Mombasa, Mackinnon Market, ambalo leo wauza viungo na matunda wanalijua kwa jina la Marikiti.

Barabara yake ilikuwa inakwenda Busia. Lakini kabla haijafika huko mwenye jina alikuwa amekwisha kufa, kampuni yake ilikuwa taabani, na reli aliyoitaka ifike ziwani ilikuwa imeishia kama maili saba tu. Hakushindwa kwa sababu ya simba wala mbu. Alishindwa kwa sababu hakupatikana mtu wa kusema ni nani atakayelipa.

William Mackinnon alizaliwa mwezi Machi 1823 huko Campbeltown, mji mdogo wa bandari magharibi mwa Scotland. Kazi yake ya kwanza ilikuwa dukani, akijifunza biashara ya vyakula kwa kupima na kufunga. Baadaye akahamia Glasgow, akafanya kazi katika ghala la hariri na katika ofisi ya mfanyabiashara aliyekuwa akiuza na kununua bidhaa za nchi za Mashariki. Huko ndiko alikosikia habari za Calcutta.

Mwaka 1847, akiwa na umri wa miaka 24, alipanda meli kwenda India. Alimkuta huko Robert Mackenzie, mtu wa kwao Campbeltown, ambaye tayari alikuwa na duka lake. Wawili hao wakaunganisha mitaji na kufungua kampuni ya Mackinnon Mackenzie. Mackenzie hakuishi kuona matunda yake. Alizama baharini mwaka 1853 karibu na Australia, na Mackinnon akabaki na usukani peke yake.

Siri ya utajiri wake ilikuwa barua. Mwaka 1856 alianzisha kampuni ya meli za moshi kati ya Calcutta na Rangoon, akapata mkataba wa serikali wa kusafirisha barua. Mkataba wa barua ulikuwa na maana kubwa kuliko unavyosikika. Serikali ililipa kiasi fulani kila safari, meli iwe imejaa au haikujaa. Fedha hizo zilitosha kulipia sehemu nzuri ya makaa na mishahara, na mzigo wa wafanyabiashara ukawa ndio faida. Mwaka 1862 kampuni ilichukua jina la British India Steam Navigation, na kwa njia hiyo hiyo ya mikataba ya barua ikasambaa hadi Bombay, Ghuba ya Uajemi, Burma na Singapore. Mackinnon alikuwa hodari, hilo halina ubishi, lakini hakuwahi kuingia kwenye njia mpya akiwa ameshika mfuko wake peke yake. Kila mara mfuko wa serikali ulikuwa karibu. Hilo ndilo la kukumbuka anapofika Mombasa.

Mwaka 1872 meli zake zilianza kupeleka barua kila mwezi kati ya Aden na Zanzibar. Kwa wafanyabiashara wa mwambao yalikuwa mabadiliko makubwa. Kabla ya hapo mzigo wa Bombay au Maskati ulingoja kaskazi, na wa kurudi ukangoja kusi, na aliyekosa pepo za msimu alikaa na karafuu zake miezi kadhaa. Meli ya moshi haikungoja upepo. Mackinnon akawa mtu anayejulikana Zanzibar, rafiki wa Balozi John Kirk na mwenye kusikilizwa na Sultani Barghash.

Akiwa na meli baharini, akaanza kuangalia bara. Kuanzia mwaka 1877 yeye na mfadhili mwenzake Fowell Buxton waligharamia barabara ya magari ya ng'ombe kutoka Dar es Salaam kuelekea Ziwa Nyasa. Ilikwenda kama maili 70, ikafika kwenye nchi ya mbung'o ambako ng'ombe hufa, na mwaka 1881 ikaachwa ikamezwa na pori. Wakati huo huo alikuwa akizungumza na Barghash ili akodishiwe bara lote la Sultani kwa miaka 70. Mazungumzo hayo yalivunjika mwaka 1878, na serikali ya Uingereza haikuonyesha nia ya kuyaokoa. Huo ulikuwa mwaka mbaya kwake kwa kila upande. Benki ya City of Glasgow, ambayo aliwahi kuwa mkurugenzi wake hadi mwaka 1870, ilianguka na kufilisi watu wengi. Aliandamwa na kesi kwa miaka kadhaa kabla mahakama haijamwondolea lawama.

Reli ya kwanza aliyoitaka Afrika haikuwa ya Mombasa. Ilikuwa ya Kongo. Mackinnon alikuwa miongoni mwa matajiri waliochangia mipango ya awali ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji, na mwaka 1885 yeye na James Hutton wa Manchester waliunda kundi la Waingereza kutaka kujenga njia ya kukwepa maporomoko ya mto, kutoka Matadi hadi Leopoldville, yaani Kinshasa ya leo. Hawakuelewana na mfalme, na mwaka 1886 mpango ukafa. Kazi wakapewa Wabelgiji chini ya Albert Thys. Nao walikwama vibaya. Fedha ziliisha wakiwa bado kwenye miamba ya Matadi, na wafanyakazi walikufa kwa mamia. Tofauti ni kwamba serikali ya Ubelgiji iliingia na fedha zake tangu mwaka 1889, ikaongeza tena zilipopungua, na treni ikafika Kinshasa mwaka 1898. Mackinnon hakupata kamwe bahati ya namna hiyo.

Mwezi Mei 1887 Barghash, ambaye sasa alikuwa amenyang'anywa sehemu kubwa ya bara na Wajerumani, alikubali kumpa Mackinnon na wenzake mamlaka ya kusimamia mwambao wake wa kaskazini na kukusanya ushuru wa forodha kwa miaka 50. Tarehe 3 Septemba 1888 Malkia Victoria alitoa hati ya kifalme, na Imperial British East Africa Company ikazaliwa. Wenyeji waliiita Kampuni tu, na hakukuwa na haja ya kueleza zaidi.

Kampuni ilifika Mombasa kwa kishindo. Ilichapisha stempu zake na kutengeneza rupia na pesa zake zenye picha ya mizani. Mwanzoni mwa mwaka 1889 mwakilishi wake, George Mackenzie, aliwalipa mabwana fidia kwa ajili ya watumwa zaidi ya 1,400 waliokuwa wamekimbilia misheni za Rabai na Freretown, jambo lililozuia umwagaji wa damu na kuipa Kampuni sifa London. Mackinnon mwenyewe alipewa cheo cha baronet mwaka huo.

Nyuma ya kishindo hicho mtaji ulikuwa mdogo. Hisa zilizonunuliwa zilikuwa za pauni 240,000 hivi. Kwa kampuni ya kununua pembe na kukusanya ushuru zilitosha. Kwa kampuni iliyotakiwa kutawala nchi kutoka Lamu hadi Buganda, kulipa askari, kujenga ngome na kutandika reli, zilikuwa kama debe la maji katika jangwa la Taru. Isitoshe, walionunua hisa wengi walikuwa marafiki wa Mackinnon, majenerali wastaafu na watu wa kupinga utumwa. Walitoa kwa heshima yake zaidi ya hesabu, na mtu wa aina hiyo hutoa mara moja, hasa akiisha kuona gawio halionekani.

Hesabu ya reli mtu yeyote wa njia ile aliielewa. Mpagazi mmoja alibeba kama kilo 30. Tani moja ilihitaji watu zaidi ya 30, na safari ya kutoka Mombasa hadi Buganda ilichukua kama miezi mitatu. Watu hao walipaswa kula njiani, na wengine walibeba chakula cha wenzao. Mwisho wa safari, tani moja ilikuwa imegharimu zaidi ya pauni 200. Kwa bei hiyo hakuna bidhaa inayolipa isipokuwa pembe za ndovu, nazo zilikuwa zinapungua. Kahawa, pamba, ngozi na nafaka havikuwa na njia ya kufika baharini. Aliyetaka kufanya biashara na Uganda alihitaji reli, na aliyetaka reli alihitaji biashara ambayo bado haikuwepo.

Mackinnon alijua jinsi India ilivyolivunja fumbo hilo. Kule serikali iliwaahidi wenye hisa za reli riba ya asilimia tano kila mwaka, treni iwe na abiria au iwe tupu. Kwa dhamana hiyo watu wa London walitoa mamilioni. Alitaka dhamana kama hiyo kwa reli ya Mombasa. Hoja yake ilipata nguvu mwaka 1890, kwa kuwa mkutano wa mataifa huko Brussels ulitaja reli kuwa miongoni mwa njia za kukomesha biashara ya watumwa, na Uingereza ilitia sahihi.

Bila kungoja jibu, Kampuni ilianza. Mwaka 1890, kwa sherehe, vyuma vya kwanza vya njia nyembamba vilitandikwa Mombasa, na njia ikapewa jina kubwa la Reli ya Afrika ya Kati. Ilifika maili saba. Ilikuwa zaidi ya kuonyesha nia kuliko kubeba mzigo. Mwaka huo huo ndipo ilipoanza barabara ya magari ya ng'ombe kutoka pwani kupitia jangwa la Taru hadi Kibwezi, ile iliyoacha jina lake Mackinnon Road. Baada ya kufa kwake Kapteni Sclater aliiendeleza kwa fedha za serikali hadi Busia, jumla ya maili 600 hivi kutoka baharini.

Kilichoivunja Kampuni mgongo kilikuwa Uganda. Wajerumani chini ya Carl Peters walikimbilia kwa Kabaka Mwanga, Waingereza nao wakataka wawahi. Mkataba wa Julai 1890 kati ya London na Berlin uliiweka Buganda upande wa Uingereza, lakini serikali ya Waziri Mkuu Salisbury haikuwa tayari kuilipia. Ilitegemea Kampuni. Kapteni Lugard alifika Kampala Desemba 1890 na kujenga boma juu ya kilima kinachoitwa leo Old Kampala. Kila mwezi aliokaa pale ulikuwa deni. Kuishikilia Uganda kulikadiriwa kugharimu pauni 40,000 kwa mwaka, na kwa mtaji ule, miaka michache tu ingekausha sanduku.

Hapa ndipo mfanyabiashara wa Calcutta alipoteleza. Alikubali kufanya kazi ya serikali kwanza akitumaini malipo yatafuata, kitu ambacho hakuwahi kukifanya na meli zake hata mara moja. Hati ya kifalme ilikuwa na lakiri nzuri, lakini haikuwa mkataba wa barua. Haikuahidi hata shilingi moja. Pia alikuwa mtu wa kushika kila kitu mwenyewe. Aliiendesha Kampuni kutoka London na kutoka nyumbani kwake Balinakill, maelfu ya maili kutoka Mombasa, mahali ambako hakuwahi kukaa akaona wapagazi wanavyolipwa na wanavyokula.

Walikula vibaya. Misafara iliyofika Dagoretti na Kikuyu ikiwa na njaa na haina bidhaa za kutosha kununulia chakula ilichukua mahindi, maharage na mbuzi wa watu bila malipo. Lugard alikuwa amekula yamini na Waiyaki wa Hinga mwaka 1890 alipojenga ngome Dagoretti. Alipoondoka, waliobaki na waliopita hawakulijali agano hilo. Wenyeji wakaichoma ngome. Kampuni ikajenga nyingine, Fort Smith, na huko ndiko Waiyaki alikokamatwa Agosti 1892 akapelekwa pwani. Hakufika. Alifia Kibwezi, kwenye njia ile ile ya Mackinnon. Fedha zilizokosekana London zililipwa shambani kwa watu ambao hakuna aliyewauliza kama wanaitaka reli au hawaitaki.

Mwaka 1891 Kampuni ilitangaza kwamba itaondoka Uganda. Taarifa hiyo iliwashtua wamisionari. Askofu Tucker alihutubia mkutano London, na waumini wa Church Missionary Society wakachanga zaidi ya pauni 15,000. Mackinnon na marafiki zake waliahidi kujazia sehemu iliyobaki. Kwa mchango wa aina hiyo, ulio karibu na harambee, Uganda ilipata mwaka mmoja zaidi.

Kuhusu reli, Salisbury alikuwa upande wa Mackinnon, lakini Hazina haikuwa. Maofisa wake waliuliza maswali ambayo wakopeshaji wa reli huuliza hadi leo. Mzigo utatoka wapi? Mapato ya miaka ya kwanza yatatosha kulipa hata riba? Ikiwa Kampuni ina uhakika, mbona haitumii fedha zake? Mwafaka uliopatikana ulikuwa mdogo: serikali ingelipia upimaji wa njia tu, pauni 20,000. Hata hizo zilipingwa. Bungeni William Harcourt na Henry Labouchere walidai kwamba walipa kodi wanavutwa kuiokoa kampuni ya watu binafsi. Mwezi Machi 1892 Bunge lilizipitisha, wakati ambapo wapimaji walikuwa tayari wako porini kwa fedha ambazo Kampuni ilitanguliza.

Wapimaji hao waliongozwa na Kapteni Macdonald wa jeshi la wahandisi. Walipita Taru, Tsavo, nchi ya Wakamba, Bonde la Ufa na kushuka hadi ziwani. Hesabu yao ilikuwa maili 657 na gharama ya pauni 2,240,000, karibu mara tisa ya mtaji wa Kampuni. Mwisho wa reli kwa mpango wao ulikuwa ghuba ya Berkeley, hatua chache kutoka ulipo mpaka wa Busia leo. Baadaye wajenzi waliona ni nafuu kukatiza hadi ghuba ya Kisumu, na Busia ikabaki na barabara.

Mwaka 1892 pia mapato ya Kampuni yalipigwa. Serikali ya Uingereza iliuingiza mwambao wa Sultani katika eneo la biashara huria la Mkataba wa Berlin, na Kampuni ikapoteza ushuru mwingi iliokuwa ikiutegemea bandarini. Lakini kodi yake kwa Sultani ilibaki pale pale. Ni kama kumkodisha mtu geti la soko, kisha kutangaza kwamba watu waingie bure, na mwisho wa mwezi kumdai kodi ya geti. Mackinnon alilalamika, na katika hili alikuwa na haki. Serikali ilimtaka aishikilie nchi kwa niaba yake huku ikimkata mikono.

Salisbury aliondoka madarakani Agosti 1892. Gladstone akarudi, na Harcourt, yule aliyepinga upimaji, akawa ndiye mwenye funguo za Hazina. Baraza la mawaziri liligawanyika karibu livunjike juu ya Uganda. Waziri wa mambo ya nje, Rosebery, alitaka ibaki. Harcourt alitaka iachwe. Wakaamua kununua muda: Kampuni isogezewe siku hadi tarehe 31 Machi 1893 kwa gharama ya serikali, na Gerald Portal apelekwe kutoka Zanzibar akachunguze. Aprili mosi 1893 bendera ya Kampuni ilishushwa Kampala, ikapandishwa ya Uingereza.

Mackinnon alikuwa mgonjwa tayari. Alifariki katika hoteli moja London tarehe 22 Juni 1893, akiwa na miaka 70, na akazikwa Clachan, karibu na nyumba yake ya Balinakill. Yeye na mkewe Janet hawakuwa na watoto. Urithi wake mkubwa ulikuwa British India, ambayo iliendelea kupiga honi Mombasa, Tanga, Dar es Salaam na Zanzibar kwa miongo mingi. Sehemu ya mali yake ilikwenda kwenye elimu ya vijana wa kwao Scotland.

Reli ilikuja mara tu yeye alipotoka njiani. Mwaka 1895 serikali ya Uingereza iliinunua haki ya Kampuni kwa pauni 250,000, na sehemu kubwa ya fedha hizo ilitoka katika akiba ya Zanzibar, zile pauni ambazo Ujerumani ilikuwa imemlipa Sultani kwa ajili ya mwambao wa Tanganyika. Kwa maneno mengine, Zanzibar ililipa fidia kwa wanahisa wa London ili pwani yake yenyewe itolewe mkononi mwao na kukabidhiwa kwa Waingereza wengine. Hakuna aliyeomba ushauri wa Wazanzibari.

Mwaka 1896 Bunge lile lile lililonung'unikia pauni 20,000 liliidhinisha milioni tatu. Safari hii haikuwa dhamana wala ruzuku. Ilikuwa reli ya serikali, kwa fedha za walipa kodi, kwa sababu za kijeshi na za kushindana na mataifa mengine, na swali la faida likawekwa kando. Fedha hazikutosha. Wafanyakazi karibu 32,000 waliletwa kutoka India, na karibu 2,500 kati yao walikufa. Reli ilipofika Kisumu Desemba 1901, ikiwa na maili 582, gharama ilikuwa imepita pauni milioni tano, zaidi ya mara mbili ya hesabu ya Macdonald. Wapinzani bungeni waliita njia hiyo ya wendawazimu, na jina likabaki.

Mzigo nao haukuwepo, kama Hazina ilivyosema. Miaka ya kwanza treni ilishuka pwani karibu tupu. Ili kuipatia mzigo, serikali ya kikoloni iliwaita walowezi na kuwagawia ardhi ya Wakikuyu, Wamaasai na Wanandi kando ya reli, na upande wa Uganda ikahimiza pamba. Pamba ndiyo iliyoanza kujaza mabehewa kutoka ziwani. Mackinnon alikuwa sahihi kwamba reli huzaa biashara, ila alikosea muda ambao biashara huchukua kuzaliwa, na wala hakusema ni ardhi ya nani ingeilea.

Wafanyabiashara wa leo wanaijua hadithi hii kwa sura nyingine. Reli mpya ya kisasa ilianza safari za Mombasa hadi Nairobi mwaka 2017, ikafika Naivasha mwaka 2019, na hapo ikasimama kwa kukosa mkopo wa kipande kinachofuata. Makasha ya Uganda, Rwanda na Sudan Kusini yakawa yanashushwa hapo na kupakiwa kwenye malori au kwenye mabehewa ya reli ya zamani hadi Malaba. Maswali yaliyoulizwa ni yale yale ya Hazina ya mwaka 1891.

Kuna kitu kimoja cha Mackinnon kilichofika ziwani kabla ya reli. Kampuni iliagiza meli ndogo ya moshi huko Scotland, ikatengenezwa kwa vipande na kufungwa ili ibebwe mabegani. Vipande hivyo vilipita njia ya misafara, vingine vikibaki porini muda mrefu, na vikaunganishwa Kisumu. Mwezi Juni 1900, mwaka mmoja na nusu kabla ya treni ya kwanza kufika, meli hiyo ilishushwa majini ikiwa na jina William Mackinnon. Baadaye mwaka huo ilivuka hadi Entebbe. Iliendelea kubeba mizigo kati ya bandari za ziwa hadi ilipozamishwa mwaka 1929.